Mstari wa Mkaa Mlangoni

Niliacha shule kidato cha pili ili mama ashone kutwa bila wasiwasi. Kazi yangu ilikuwa moja: kumlea mdogo wangu wa miaka sita, tuliyemwita Kifungo kwa uso wake wa duara. Kila siku saa sita mchana tulipanda treni ya umeme kumpelekea mama chakula kazini.

Reli hiyo bado ilikuwa inaongezwa. Kwa ajili yake nyumba yetu ilivunjwa, tukahamia pembezoni mwa jiji. Bibi hakuhama. Alifariki siku tatu kabla ya tingatinga kuja. Mwimo wa mlango wake ukazolewa pamoja na kifusi, ule mwimo aliotupimia vimo kwa mkaa kila mwezi ulipoandama.

Mahali pale pakajengwa kituo. Hakijafunguliwa, na kwenye ramani ya treni jina lake limezibwa kwa karatasi. Treni hupita tu.

"Dada, tumempita bibi," Kifungo aliniambia siku moja.

"Pale ni saruji tupu, we mtoto."

"Yupo. Anachonga mkaa."

Nikacheka. Kesho yake alipunga mkono dirishani. Siku ya tatu alivua viatu akaniwekea mapajani, kama tulivyovua zamani kabla ya kupimwa.

Tulipofika penye kituo kile, treni ikapunguza mwendo. Ikasimama. Mlango wa kulia ukafunguka. Harufu ya mkaa ikaingia.

"Naenda kupimwa," alinong'ona.

Nilitaka kumshika. Mkono ulikataa. Mdomo ulikataa. Akashuka. Mlango ukafungwa.

Ndipo sauti ikanitoka, nikaupiga mlango kwa ngumi.

"We binti, utatuvunjia kioo!" mama mmoja alifoka.

"Mdogo wangu ameshuka!"

"Ameshukia wapi? Treni haijasimama. Na umepanda peke yako na hilo bakuli lako la chakula."

Nilimwonyesha viatu. Akageuza uso.

Mkaguzi wa tiketi alinijibu kwa upole. "Milango ya upande huu haijaunganishwa umeme, binti yangu. Haiwezi kufunguka."

Kituo kilipekuliwa. Vumbi halikuwa na hata unyayo mmoja. Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Tangu hapo, kila mwezi ukiandama, kwenye mwimo wa mlango ule wa treni huonekana mstari wa mkaa. Wasafishaji huufuta, nao hurudi. Wa kwanza ulilingana na utosi wa Kifungo. Wa pili ulipanda kidogo. Mama huupima kwa futi yake ya kushonea, kisha hurudi kazini kushusha pindo la gauni la Kifungo.

Jana mwezi uliandama. Nilikuta mistari miwili. Wa chini ni wake. Nikasimama chini ya ule wa juu, visigino mwimoni, kama bibi alivyotufundisha.

Ulinikaa sawasawa utosini. Mkaa wake ulikuwa bado unapukutika.

Saa sita inakaribia. Mama anangoja chakula, na njia ya kwenda kwake ni treni hiyo moja.