Banda la Kamba

Kila asubuhi ya majira ya baridi, Arlys Tollefson alivaa buti za marehemu mumewe, akawasha trekta, akaenda kumenya nyasi. Naam, kumenya, kama mtu anavyomenya kiazi. Marobota yake ya nyasi kavu yalikaa nje chini ya turubai. Theluji ilipoyeyuka, maji yalipenya, na nyasi za juu zikaoza. Ng'ombe walizinusa wakageuza shingo.

Mwezi wa tatu, Orrin alimkuta katika kazi hiyo. Orrin alikuwa mdogo wa Lyle, yule marehemu.

"Shemeji, unalisha ng'ombe au unalisha ukungu?"

"Umekuja kusaidia au kucheka?"

"Nimekuja kununua. Ng'ombe wako kumi na sita, nawabeba wote. Hilo banda unaloliimba tangu kaka afe, hulijengi wewe. Una miaka hamsini na nane."

Arlys alichomeka uma wake wa nyasi kwenye robota. Ng'ombe wale aliwalea na Lyle tangu wakiwa ndama. Kila mmoja alikuwa na jina.

"Tuwekeane siku," alisema. "Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, mwezi wa kumi na moja. Ukikuta nyasi zangu bado ziko nje, wachukue, kwa bei yako."

"Kwa bei yangu? Haya, nitakuja na trela."

Wakapeana mikono. Orrin alipoondoka, Arlys aliogopa. Lakini neno alishalitoa, na hakuwa mtu wa kulimeza tena.

Gazetini aliona tangazo la banda la nguzo. Kampuni inaleta mbao na mabati yaliyokatwa tayari, mnunuzi anajenga mwenyewe. Futi arobaini kwa sitini, dola elfu ishirini na nne na mia nane. Arlys alikuwa na elfu ishirini na sita. Humo zilikuwamo fedha za boti ya Lyle aliyoiuza, na akiba ya miaka sita. Muuzaji akamwambia kwa simu kwamba bei hiyo mwisho wake ni Ijumaa.

Kabla ya kulipa, alikwenda kwa jirani yake, Delphine Kowalke. Delphine alikuwa na miaka sabini na mbili, na alikuwa amejenga mabanda matatu kwa mikono yake. Alimmiminia Arlys kahawa, akalisoma lile tangazo mpaka mwisho.

"Nionyeshe mlango," alisema.

"Mlango gani?"

"Wa banda. Humu haumo. Kokoto hazimo. Saruji ya mashimo ya nguzo haimo. Halafu dereva anakushushia mzigo barabarani, anakwenda zake. Kenchi za paa utazipandisha kwa nini, kwa kucha?"

Arlys alilikunja lile tangazo. Kisha akasema, "Basi hela hazitoshi. Orrin amekwisha kunishinda."

"Nani kasema? Wewe umeanza mwisho, mwenzangu. Umeangalia mfuko wako, ukatafuta banda la kuumaliza. Anza na nyasi. Unatumia marobota mangapi kwa msimu?"

"Themanini."

"Robota moja lina upana gani?"

"Futi tano."

Wakachora mezani. Marobota arobaini chini, arobaini juu yake, na nafasi ya trekta. Ilitosha futi thelathini kwa arobaini na nane. Banda la kipimo hicho lilikuwa la dola elfu kumi na sita na mia mbili. Arlys alilitazama lile jibu akacheka peke yake.

Muuzaji alipiga simu Ijumaa. "Mama, leo ndiyo mwisho. Kesho bei inapanda."

"Ipande," alijibu Arlys. "Ikipenda ifike juu ya paa."

Jumatatu muuzaji alipiga tena. Bei ilikuwa ileile, Arlys akaagiza lile banda dogo.

Delphine akampa daftari. "Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila kitu, hata misumari." Arlys aliandika kokoto na kusawazisha kiwanja, elfu mbili na mia nne. Mashine za kukodi, elfu moja na mia tano. Milango, elfu moja na mia tisa. Saruji na kibali, elfu moja mia moja na hamsini. Zilibaki elfu mbili mia nane na hamsini.

"Hizo nitamwaga sakafu ya zege," alisema.

"Thubutu! Hizo ni za balaa usilolijua. Kila dola kumi, moja ikae pembeni. Nyasi zitalala juu ya kokoto mwaka huu, hazitakulaumu."

Ardhi ilipolainika, Arlys alipigilia vigingi na kuvuta kamba. Kamba zilionyesha kuta, pengo likawa mlango. Kisha akapanda trekta na robota mbele, akaingia mlangoni. Kamba ilikatika. Mlango wa futi kumi ulikuwa mwembamba. Akaufanya futi kumi na nne, akaingia tena, akageuza trekta, akatoka. Mvua kubwa iliponyesha alikwenda kukagua. Maji yalituama katika kona moja. Lyle alitaka banda liwe pale pale, karibu na barabara.

"Samahani, mume wangu," alisema, akahamisha kamba zote hatua ishirini kuelekea mwinukoni.

Orrin alipita na gari lake, akapunguza mwendo. "Shemeji, banda zuri. Mvua ikija usisahau kufunga mlango."

Kanisani nako walicheka. Banda la kamba, walisema. Mwezi wa tano umekwisha na mwanamke bado anacheza na kamba.

"Kamba naihamisha kwa dakika mbili," Arlys aliwajibu. "Nyinyi nguzo mtaihamisha kwa muda gani?"

Halmashauri ilimpa kibali na sharti. Kila shimo liende chini futi nne.

"Futi nne zote?" aliguna Arlys.

"Wasikilize," alisema Delphine. "Banda langu la kwanza nilichimba futi mbili na nusu. Ardhi ikaganda, barafu ikasukuma nguzo juu, mlango ukakwama. Na mbuzi walikuwa ndani. Nguzo lazima ikae chini kuliko barafu inapofika."

Mwezi wa nane walichimba mashimo kumi na manane kwa mashine ya kukodi. Shimo la kumi na moja lilikutana na mwamba. Mashine ililia, ikakataa. Kuupasua kulitaka mashine nyingine na siku mbili zaidi. Dola mia sita na arobaini. Arlys alifungua daftari, akazitoa kwenye fedha za balaa, akaendelea na kazi. Hakulala na wasiwasi hata kidogo.

Kabla ya kumwaga saruji walipima kona kwa kona, kisha kona kwa kona upande wa pili. Vipimo vilipolingana, wakajua banda halijapinda. Jumamosi mbili majirani walikuja kupandisha kenchi na mabati. Hata wale waliocheka walikuja. Arlys aliwalisha soseji na viazi vya jibini, na hakumwacha yeyote asahau maneno yake.

Siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, theluji ilianza asubuhi. Orrin alifika na trela tupu, amevaa koti lake la kuwindia, la rangi ya machungwa. Akasimama mbele ya mlango wa futi kumi na nne. Ndani kulikuwa na marobota, makavu, yananukia kiangazi. Ng'ombe walikuwa wakila bila kunusanusa.

Orrin aliyahesabu. Alihesabu taratibu, kisha uso ukamchangamka.

"Sabini na mbili, shemeji. Manane yako nje, kule bondeni nimeyaona. Tulisema nyasi zikiwa nje."

"Na siku haijaisha," alisema Arlys. Alifungua mlango wa gari la Orrin, akapanda, akakaa, akafunga mkanda. "Trekta naipumzisha leo. Trela unalo, tukayalete yale manane. Endesha."

Orrin alimtazama, akatazama theluji, akawasha gari.