Baba Aliponyoa Mawimbi

Jumamosi ya kupaka dawa, baba alikuwa wa Chiriku peke yake.

Alifunga studio yake ya picha mapema, akaja uani, akakaa kwenye kigoda na taulo mabegani, kisha akaita, "Fundi wangu yuko wapi?" Chiriku alikuwa ameshavaa glovu za mpira. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na siku hiyo ulifanya kazi maradufu. Alimpaka baba dawa ya kulainisha nywele fungu kwa fungu, akiyaepuka masikio, huku akimsimulia mambo ya shule: nani kagombana na nani, mwalimu gani kanyoa ndevu akaonekana kama mwanafunzi. Baba alisikiliza macho kayafumba. Dawa ilipoanza kuuma alikaza meno akasema, "Bado kidogo. Uzuri ni kuvumilia." Halafu walikwenda bombani, Chiriku akamsuuza mpaka maji yakatoka safi, na zile nywele zikalala zikimeta, zimejikunja kama maji ya bwawa yaliyopitiwa na upepo.

Kwa nywele hizo mtaa mzima ulimwita Bwana Mawimbi. Picha yake kubwa ilining'inia mlangoni mwa studio, na wateja wengi waliingia kwa sababu yake.

Mdogo wake Chiriku, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, hakuruhusiwa kuikaribia dawa. Alichungulia dirishani tu. Chiriku alipenda achungulie.

Basi mambo yaliendelea hivyo mpaka baba alipoanza kuamka na madoa ya damu kwenye mto. Alinyamaza kwanza, kama watu wazima wengi wanavyonyamaza, lakini mama aliyekuwa akifua foronya hakunyamaza. Walikwenda zahanati. Muuguzi alimpekua kichwa kwa vidole, polepole, akaguna.

"Baba, ngozi hii imechoka," akasema. "Vidonda hivi ni moto wa dawa. Ukiendelea, nywele zitaondoka na makovu yatabaki."

Jioni ile baba alirudi amenyoa. Mama aliinua uso kutoka kwenye cherehani yake, akamtazama juu hadi chini. "Karibu, mgeni," akasema. "Mwenye nyumba ametoka kidogo."

Baba alicheka, ila mkono wake ulikuwa ukipanda kichwani kila mara, kama wa mtu aliyesahau kofia mahali asipopakumbuka. Studioni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mteja mmoja aliingia akamuulizia Bwana Mawimbi. Baba akamwambia, "Ndiye mimi." Yule mtu aliitazama picha ya mlangoni, akamtazama baba, kisha akasema kwa upole, "Si neno, nitarudi akiwepo."

Nywele zilipoanza kuota, zilikuja nyeusi tii, fupi, zimejisokota: nywele za kipilipili hasa. Baba alizitazama kwenye kioo kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa lugha aliyoisahau.

"Nilipoomba kazi yangu ya kwanza," aliwaambia wakati wa chakula, "mwenye studio alinitazama kichwani akasema, 'Nywele hizo zitanifukuzia wateja. Kapake dawa ndipo urudi.' Nikapaka. Yule bwana alishakufa, studio yake ilishafungwa, na mimi nimeendelea kumtii tu."

Akasukuma sahani. "Lakini watu wananicheka. Labda nirudie dawa. Kidogo tu, pale juu."

Moyo wa Chiriku uliruka. Alikuwa ameshanyanyuka kwenda kutafuta glovu, Kitinda alipozunguka meza akaweka mkono mmoja kichwani kwa baba na mwingine kichwani kwake mwenyewe. Alipapasa huku na huku kwa makini.

"Baba," akasema, "kumbe zako ni kama zangu."

Baba naye alijipapasa kichwani. Kisha aliushika ule mkono mdogo. "Ni kama zako. Basi nifundishe kuzichana, maana mimi sijui."

Hapo ndipo shida ya Chiriku ilipoanza.

Kitinda alikuwa na msitu wa nywele na aliujua vizuri. Alimwonyesha baba kwamba nywele za namna ile hazichanwi kavu. Unazilowesha kwanza, unazipaka mafuta, halafu unaanza nchani kwa chanuo lenye meno mapana, ukishuka kidogo kidogo kuelekea shinani. Jioni zikawa zao. Walikaa ukumbini, baba akimchana Kitinda, kisha Kitinda akipanda juu ya kochi kumchana baba, wanachekana, wanalinganisha nani kasokoteka zaidi. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la mafuta mazito meupe. Chiriku hakuwa na kopo. Alikuwa ameingia sekondari mwaka ule, na shule yake ilitaka wasichana wanyoe. Kichwa chake kilikuwa laini kama yai. Hata angetaka kuchanwa, chanuo lingechana hewa.

Jioni moja alianza kumsimulia baba jinsi mpishi wa shule alivyomfukuza mbuzi aliyeingia jikoni. Alikuwa amefika patamu, mbuzi yuko juu ya meza, sauti ya Kitinda ilipoita kutoka ukumbini.

"Ngoja kidogo, Chiriku," baba akasema, akiinuka. "Mwalimu wangu ananiita."

Mwalimu wangu. Zamani ilikuwa fundi wangu. Chiriku alibaki jikoni na mbuzi wake juu ya meza, na baba hakurudi kuuliza aliteremkaje.

Tangu siku ile hakusimulia tena. Alipowasikia wakicheka alihisi wanamcheka yeye. Alilificha chanuo nyuma ya kabati, wakachanana kwa vidole. Alimwambia Kitinda, "Nywele zako ni kama brashi ya kusugulia masufuria," na Kitinda akajibu bila kukasirika, "Ndiyo maana hazikatiki." Jibu lile lilimchoma kuliko tusi.

"Chiriku siku hizi haongei," mama alisema akitia uzi kwenye sindano. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Una neno?"

"Sina."

Alikuwa nalo. Lakini angelisemaje? Mtu mkubwa kama yeye aseme anamwonea wivu mtoto wa darasa la tatu, tena kwa ajili ya nywele? Akalimeza, na neno likimezwa haliyeyuki. Linatafuta njia nyingine ya kutokea.

Kopo la dawa ya kulainisha lilikuwa bado stoo, limesahauliwa nyuma ya ndoo za rangi. Chiriku aliliona alipokwenda kuchukua ufagio, akasimama akilitazama. Mafuta ya baba ni meupe. Dawa ni nyeupe. Nywele za baba zikilainika zenyewe, Kitinda atakuwa na nini cha kumfundisha? Baba atashangaa, ataona amependeza, atakumbuka Jumamosi zao na kuita, "Fundi wangu yuko wapi?" Wivu una hesabu zake, na kila ukizikokotoa jibu linatoka zuri. Vile vidonda, ile damu kwenye mto, havikuingia katika hesabu ile hata kidogo.

Mchana huo, mama akiwa sokoni, Chiriku alichota dawa akaichanganya kwenye kopo la baba, akakoroga mpaka hakuna alama iliyobaki. Harufu ilikuwa kali, lakini baba na Kitinda walikuwa na mafua na pua zao zilikuwa zimeziba tangu juzi. Kopo la Kitinda hakuligusa. Hilo alijiambia mara nyingi: la Kitinda sikuligusa.

Jioni wakakaa ukumbini kama kawaida. Chiriku alikuwa akifuta vyombo, lakini masikio yake yote yalikuwa kule.

"Leo tuanze na mimi," alisikia Kitinda akisema. "Ila kopo langu limekwisha."

"Chota kwangu," baba akasema. "Mafuta ni mafuta."

Sahani ikatulia mkononi mwa Chiriku. Alitaka kupiga kelele, na papo hapo akafikiri, nikisema watajua. Alifika mlangoni akaona vidole vya baba vimeshachota fungu kubwa, vimeshalipaka nyuma ya sikio la Kitinda.

"Baba, inawasha," Kitinda akasema.

"Vumilia kidogo, mama. Ni chanuo tu."

"Si chanuo. Inaunguza."

Kitinda alikuwa amekunja uso, amekaza meno vilevile baba alivyokuwa akikaza kwenye kigoda. Hapo Chiriku hakufikiri tena.

"Ni dawa," akasema. "Dawa ya kulainisha. Nimeitia mimi."

Hakungoja kuulizwa. Alimshika mdogo wake mkono akamkimbiza bombani, akafungulia maji mpaka mwisho, akamwinamisha, akamsuuza huku akimziba macho kwa kiganja. Kitinda alilia na kumpiga ngumi za magotini. Baba alikuja akashika kichwa upande wa pili. Walisuuza, wakasuuza tena, na mama akaja mbio na kanga akiuliza kuna nini.

Zahanati walimkuta muuguzi yuleyule. Alisafisha jeraha nyuma ya sikio, akakata nywele kulizunguka, akampaka dawa ya kidonda. "Mmewahi maji," akasema. "Mngechelewa, tungekuwa tunaongea mengine." Kisha akauliza kilichotokea. Baba akamtazama Chiriku, na Chiriku akaeleza mwenyewe, kila kitu, mpaka lile chanuo nyuma ya kabati. Kitinda alikuwa pale kwenye mapaja ya mama, anasikia. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote. Kitinda aligeuza uso, akaulaza kifuani kwa mama.

Waliporudi nyumbani, baba alimwita Chiriku uani. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

"Weka mkono hapa," akasema.

Chiriku aliweka. Chini ya zile nywele laini, kama pamba iliyosokotwa, aliyasikia makovu, moja baada ya jingine.

"Umeshika kichwa hiki mara ngapi," baba akasema, "na hujawahi kuyajua, kwa sababu nilikuwa nakaza meno nakwambia uzuri ni kuvumilia. Nilikufundisha vibaya. Leo mdogo wako ananiambia anaungua, na mimi namwambia avumilie. Nimejisikia nikisema, nikaona aibu."

Chiriku alianza kulia. "Nilitaka uniite tena, baba. Ulikuwa unaniita fundi wako. Sasa Kitinda ndiye mwalimu, na mimi hata nywele sina."

Baba alimtazama muda mrefu, kama anayemwona baada ya safari.

"Kumbe ndilo lililokukaa," akasema. "Na mimi nilidhani umekua, umechoka na mambo ya baba. Hilo ni kosa langu, nalichukua. Lakini lile la kopo ni lako, utalibeba mwenyewe. Jeraha la mdogo wako utalisafisha wewe kila siku mpaka lipone. Akikukataa, utangoja mpaka akubali."

Kitinda alikataa kweli. Siku ya kwanza alilia Chiriku alipokaribia na pamba, mama akasafisha, Chiriku akashika bakuli la maji tu. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku iliyofuata Kitinda aliuliza, bila kumtazama, "Yule mbuzi aliteremkaje?" Alikuwa amesikia kutoka ukumbini siku ile. Chiriku akamwambia: mpishi alimwonyesha kabichi, mbuzi akaruka, akaangukia sinia la unga, akatoka nje mweupe kama bibi harusi. Kitinda alicheka mpaka akashika tumbo, na alipokuwa akicheka alimwachia dada yake asafishe jeraha.

Studioni nako mambo yalibadilika. Baba aliishusha ile picha ya mlangoni. Akampa Chiriku kamera, akakaa yeye mbele ya pazia, nywele zake zimechanwa zimesimama vizuri. Chiriku hakujua kunyamaza na kamera mkononi. Aliongea, akauliza, akasimulia, na baba akacheka kwa moyo. Picha iliyotundikwa ni ile ya kicheko. Wateja wakawa wanauliza, "Huyu aliyepiga hii yupo? Nataka nitoke hivi."

Jeraha likapona, na nywele changa zikaanza kutokeza nyuma ya sikio. Jioni moja Kitinda alikuja na kopo jipya la mafuta, akalisimamisha mbele ya dada yake.

"Nipake wewe leo," akasema. "Lakini unuse kwanza."

Chiriku alinusa. Halafu, bila kuambiwa, alichota kidogo akajipaka mwenyewe kwenye kiwiko kwa ndani, akaunyoosha mkono mezani, wakaukodolea macho wote wawili. Mkono haukuwasha. Ndipo alipochukua chanuo akaanza nchani, polepole.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alivuta kiti akakaa karibu yao.

"Sikilizeni, wanangu," akasema. "Kuona wivu si dhambi, hata mimi nimewahi kuwaonea wivu watu wenye nywele za singa, nikajiunguza nao miaka mingi. Lakini wivu ni kama ile dawa. Ukiuficha ndani ya kitu kingine, utamuunguza usiyemkusudia. Ukikushika, njoo useme kwa mdomo. Hata kama sauti inatetemeka, hata kama unaona ni jambo la kitoto. Mimi nitasikiliza. Na nisiposikiliza, niambieni tena."

"Na kama uko na mteja?" Chiriku akauliza.

"Mteja atangoja," baba akasema, akainamisha kichwa chake ili naye achanwe.