Kimraba Chini ya Picha ya Kiti

Chumba cha mbele kilikuwa na kazi tatu. Asubuhi kilikuwa chumba cha kuchorea. Mchana nepi zilianikwa humo, kamba moja kutoka dirishani hadi mlangoni. Usiku walilala humo pacha wawili wa miezi mitatu, na mzazi yeyote aliyeshindwa kufika kitandani.

Mchoraji alikuwa akiosha brashi zake kwenye kopo. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akimnyonyesha mtoto mmoja huku akimtikisa mwingine kwa mguu.

"Baba Pacha," alisema, "maonyesho ni Jumamosi. Nani atasimama na wewe?"

Mume akaendelea kuosha brashi. Brashi ilikuwa imeshatakata zamani.

Mchoraji huyu alikuwa na kigugumizi. Alikuwa nacho tangu utoto. Neno alilijua, ila lilimgandia mdomoni, hasa mbele ya wageni. Kwa hiyo mkewe ndiye aliyekuwa mdomo wake. Yeye alichora, mke akasimulia, na picha zikanunuliwa. Lakini maonyesho yaliyopita Mama Pacha alikuwa na mimba kubwa, akaamriwa kulala. Mchoraji alikwenda peke yake. Bwana mmoja alimwuliza, "Picha hii inahusu nini?" Mchoraji akafungua kinywa. Neno likakataa kutoka. Bwana yule akatabasamu kwa huruma, akaondoka. Huruma ile ilimuuma kuliko tusi. Siku hiyo alirudi na picha zote alizokwenda nazo.

"Nikirudi nazo tena," alisema sasa, polepole, "na-na-naweka brashi chini. Nitakwenda kwa kaka."

Kaka yake mkubwa alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba. Alimpenda mdogo wake. "Njoo tupake kuta," alimwambia. "Ukuta hauulizi maswali." Alitaka jibu Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama. Ni kazi ya heshima, na Mama Pacha alijua hivyo. Lakini alimjua pia mumewe. Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mtoto kwenye shavu.

Wakati huo huo jirani yao alibisha hodi. Alikuwa mchapaji wa kadi na matangazo, duka lake lilikuwa upande wa pili wa barabara. Alikuja kila siku kumbeba mtoto mmoja, ili mama apumzishe mkono.

"Mbona kimya hivi? Nani kafa?" aliuliza.

Mama Pacha akamweleza yote.

"Watu husema chema chajiuza," alimalizia kwa unyonge. "Mbona chetu hakijiuzi?"

"Msemo huo ulitungwa na mtu aliyekuwa na wateja tayari," mchapaji alisema. Akachomoa kadi ya harusi kwenye mkoba wake, akamgeukia mchoraji. "Shemeji, njoo uone. Unaona hiki?"

Kwenye pembe ya kadi kulikuwa na kimraba kilichojaa vidoa vyeusi na vyeupe.

"Kinaitwa msimbo wa QR. Ni anwani. Macho yetu hayawezi kuisoma, lakini kamera ya simu inaisoma. Mtu anaelekeza kamera hapa. Unatokea mstari wa maandishi, anaubonyeza, na ukurasa unafunguka kwenye simu yake."

"Na kwenye ukurasa kuna nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Mtakachoweka. Jina la picha, vipimo, bei, namba ya simu ya mchoraji, sehemu ya kulipia. Na hadithi yake, kwa maandishi au kwa sauti. Kila picha iwe na msimbo wake. Mkibandika mmoja kwa picha zote, mteja atatafuta kiti akutane na mbuzi."

"Sa-sauti ya nani?" mchoraji aliuliza.

"Sauti yako."

Mchoraji akachukua makopo yake, akatoka uani bila kuaga.

Mama Pacha hakumfuata. Kuna jambo alilijua ambalo watu wengine hawakulijua. Mumewe alipozungumza na watoto wake, hakushikwa na kigugumizi hata kidogo. Kesho yake asubuhi mchoraji alikaa na pacha mapajani, akawaonyesha picha ya kiti. Mama Pacha alikuwa nyuma ya nepi. Akawasha kinasa sauti cha simu.

Baadaye alimsikilizisha mumewe. Mchoraji alishtuka.

"Hu-huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Ukikataa, naifuta sasa hivi. Sauti ni yako."

Mchoraji akasikiliza tena. Akasikiliza mara ya tatu. Kisha akasema, "Iache."

Siku mbili walifanya kazi dukani kwa mchapaji. Walipiga picha kila mchoro mchana, kwenye mwanga mzuri. Mchapaji akawatengenezea kurasa saba na misimbo saba, kila mmoja mkubwa kama kiberiti, mweusi kwenye karatasi nyeupe. Walijaribu kila msimbo kwa simu tatu, mojawapo ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka.

"Mambo mawili, shemeji," mchapaji alisema. "Asubuhi, kabla watu hawajaingia, ujaribu kila msimbo tena. Kuna wezi wanaobandika wao juu ya wako, pesa ikaenda kwao. La pili, usimpe mtu picha kwa kuonyeshwa kioo cha simu yake tu. Ngoja ujumbe wa malipo uingie kwenye simu yako."

Mchoraji aliitikia yote kwa kichwa. Mchapaji hakumwambia jambo la tatu, kwa sababu hakudhani kuna mtu angeweza kulifanya.

Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa maonyesho, mchoraji alitundika picha zake ukutani na kubandika misimbo chini yake. Akaijaribu yote. Ilifunguka. Kisha akarudi nyuma hatua tano, atazame.

Akachukia. Chini ya kila picha palikuwa na kidubwasha cheusi kikimkodolea macho. Mtu aliyetumia wiki nzima kutafuta rangi ya kivuli cha kiti hawezi kuvumilia jambo kama hilo. Akafungua mkoba wake wa rangi. Weupe akaugeuza rangi ya maziwa yaliyoungua. Weusi akaugeuza kahawia laini. Ukingo mweupe wa karatasi akaupaka rangi ya ukuta. Na vile vimraba vitatu vya pembeni akavigeuza maua. Vilikuwa vizuri sana, na hilo ndilo lililokuwa balaa.

Watu wakaingia. Kijana mmoja akaelekeza simu. Akaisogeza mbele. Akairudisha nyuma. "Bando langu limeisha nini?" alinung'unika, akaenda zake. Mama mmoja akajaribu, naye akaondoka. Wa tatu akamgeukia mchoraji, "Hiki hakifanyi kazi. Picha inahusu nini?"

Kinywa kikafunguka. Neno likakataa. Yule mtu akatabasamu kwa huruma.

Mchapaji alipofika saa sita mchana, alimkuta amekaa sakafuni na ameanza kushusha picha. Akatazama misimbo. Kwanza akacheka mpaka akashika ukuta. Alipoona uso wa mchoraji, akaacha.

"Nisamehe, shemeji. Kosa ni langu, sikukwambia. Umekipamba kama bibi harusi, simu imeshindwa kukitambua. Vimraba hivi vitatu vya pembeni ndivyo simu inavyovitafuta kwanza, ijue msimbo umeanzia wapi. Wewe umevifanya maua. Tena inataka giza juu ya mwanga. Kahawia juu ya maziwa, haioni. Na ukingo mweupe ni lazima, ndio mpaka wake."

"Ki-kilikuwa kibaya," mchoraji alisema.

"Kibaya, ndiyo. Kiache kibaya, kifanye kazi yake. Uzuri ni kazi ya picha."

Akatoa bahasha mkobani. Alikuwa amechapa misimbo ya akiba. Wakabandua maua, wakabandika vidubwasha. Wakajaribu mmoja mmoja, wakazirudisha picha ukutani.

Saa tisa alikuja bibi mmoja, mshona nguo, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akaelekeza simu kwenye kimraba chini ya picha ya kiti. Sauti ya mchoraji ikatoka, nyororo, bila kukwama:

"Wanangu, hiki ni kiti cha bibi yenu. Mguu mmoja ulivunjika. Hatukuwa na mbao, nikauunga kwa mpini wa nyundo. Bibi yenu akasema, sasa kiti changu kinajua kazi. Akakikalia mpaka mwisho wake."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia. Halafu akamgeukia mchoraji. Akauliza jambo ambalo halikuwemo kwenye ukurasa.

"Kiti chenyewe kiko wapi sasa?"

"Ki-ki..." Neno likaganda.

Bibi hakutabasamu kwa huruma. Alisimama tu, akangoja.

"Ki-kiko nyumbani. Mke wangu a-ananyonyeshea juu yake."

"Basi nakitaka hiki cha ukutani," bibi alisema, akaanza kubonyeza. Mchoraji akangoja. Ujumbe ukaingia kwenye simu yake mwenyewe. Ndipo akaishusha picha, akaifunga kwa karatasi.

Hadi jioni picha tatu zilipata wenyewe. Nyingine nne alirudi nazo, na hakuzionea haya.

Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti kile, pacha mmoja kila upande. Alisikiliza habari yote. Kisha akatazama dirishani. Jua lilikuwa linakaribia kuzama.

"Kaka anangoja jibu. Lete simu nimpigie."

Siku zote yeye ndiye aliyempigia. Lakini mchoraji aliishika simu, akabonyeza namba mwenyewe. Mama Pacha akaziba mdomo kwa mkono.

"Ka-ka-kaka. Asante. S-s-siji. Na-na-nachora."



"Haya, mdogo wangu," kaka akasema. "Nimekusikia."