Viraka Viwili Ukutani

Walikutana katika duka la rangi mjini Thika, kila mmoja akivuta kadi ileile ya sampuli. Wamboi, fundi cherehani wa Ruiru, alikuwa amevaa gauni la kitenge alilojishonea. Sifuna alikuwa fundi wa kupaka rangi, na suruali yake ilikuwa madoa matupu.

"Chukua tu, madam. Mimi hizi rangi nazijua kwa kichwa."

"Na namba yangu, nayo utaiweka kwa kichwa?"

Aliiweka. Mwaka uliofuata wakaoana, wakahamia mtaa wa Ngoingwa, Thika.

Sasa Wamboi alisimama mlangoni mwa chumba kidogo cha nyumba yao. Ukutani palikuwa na viraka viwili vya rangi mbichi: bluu iliyokoza na manjano mpauko. Nani hupaka chumba kidogo rangi kama hizo ila anayesubiri mtoto?

Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ilikuwa na wiki kumi na moja, na hakuwa amemwambia mtu. Cucu, nyanya yake, alikuwa amemkanya tangu zamani asiandae chochote kabla mtoto hajalia. Je, Sifuna alijua? Au hajui, ila amechoka kungoja, kama mama yake anayepiga simu kila Jumapili kuulizia mjukuu? Aliogopa hata kupumua. Akatoka kimyakimya, akaenda kwenye duka lake la ushonaji huko Ruiru.

Simu ya kwanza ya Sifuna hakushika, wala ya pili. Ya tatu akashika.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Hicho chumba unampakia nani?"

"Wewe. Kila usiku unashonea sebuleni kwa giza, unaumia macho. Nataka uniambie ni rangi gani inaonyesha uzi vizuri." Sifuna akaongeza, "Mama nimemwambia aache kuuliza. Mtoto akuje, asikuje, mimi niko."

Wamboi alilia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Kisha akarudi nyumbani, akamwambia yote pale mlangoni: mimba na onyo la cucu.

"Naogopa, Sifuna."

"Hata mimi." Hakushangilia. Alichukua nyundo, akagonga vifuniko vya makopo yote mawili ya rangi vikafungika. "Basi hatupaki. Viraka vikae hivyo mpaka tusikie mtu akilia."

"Na tukipoteza tena?"

"Tutalia wawili, humu humu."

Wakabeba cherehani, wakaiweka karibu na kiraka cha manjano, kwa kuwa cha bluu kilimeza mwanga. Wamboi akatandaza kitenge, akaanza kukata.

"Unashona nini?" Sifuna aliuliza kwa woga.

"Gauni langu," alisema, akiongeza inchi nne kiunoni.