Ghala la Kamba

Mburu alijua kushika msumeno, lakini watu wa Kapseret walimwita Fundi Pembe. Alikuwa amejenga zizi zuri kule Ainabkoi, mlango ukawa mwembamba, ng'ombe wakakwama kwa pembe. Zizi likabomolewa.

Mwaka huo wa 1967, Mama Rael alimpa kazi ya ghala la mahindi, kwenye shamba alilonunua kwa mzungu. Mburu angekosea tena, nani angemwita?

Asubuhi akabeba msumeno. Jirani yake, Zachariah, msimamizi wa zamani wa ujenzi wa reli, akamsimamisha.

"Fundi Pembe, unaenda kukata nini?"

"Mbao, Mzee."

"Umemuuliza mwenye ghala atalitumiaje?"

"Ghala ni ghala!"

"Hata zizi lilikuwa zizi."

Maneno hayo yalimchoma Mburu. Akaweka msumeno chini, wakaondoka pamoja.

Walipofika shambani, Zachariah alipigilia vigingi, akavuta kamba pande zote. Akaacha nafasi ya mlango.

Mama Rael akacheka. "Ghala gani hili? La kufungia mbuzi?"

"Litumie, mama, kana kwamba limeshajengwa," Zachariah akasema.

Mama akaleta mkokoteni wake wa ng'ombe. "Huu lazima uingie hadi ndani, magunia yasinyeshewe." Gurudumu likang'oa kigingi.

"Hapo pangekuwa na ukuta," Zachariah akasema.

Mburu akashika kichwa.

"Tena mvua hutoka upande ule," mama akaongeza. "Mlango ukitazama huko, mahindi yataoza."

Walihamisha kamba mara mbili. Bila msumari mmoja, Mburu alikuwa amejenga maghala matatu na kubomoa mawili!

"Mavuno ni lini?" Zachariah akauliza.

"Mwezi wa kumi na moja."

"Anzeni hapo, mhesabu kurudi nyuma. Paa liishe lini? Kuta je? Mbao zifike lini ili zikauke?"

Wakaandika tarehe ya kila kazi kwenye karatasi, wakatia sahihi. Kila Jumamosi Mama Rael alikuja na karatasi yake kukagua. Siku moja akataka dirisha. Wakatazama karatasi: dirisha lingechelewesha paa. Akaliacha.

Siku ya mavuno, wingu jeusi lilitanda. Ng'ombe wawili wakaingia ghalani na pembe zao zote, mkokoteni nyuma. Mvua ikapiga bati. Hakuna gunia lililolowa. Mburu aligusa ukuta kwa kiganja, pale kamba ilipokuwa, kama mtu anayeona muujiza.

"Fundi Pembe!" mpita njia akaita.

"Pembe zimeshapita," Mama Rael akajibu. "Huyu ni Fundi Kamba."