Picha ya Charango ya Delfina

Asubuhi ile Casiano Yucra aliikuta charango, kigitaa cha marehemu binti yake, imelowa. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili, na paa la studio yake ya picha halikuwa na tundu. Akaifuta kwa shati, akanusa vidole. Vilinuka mawe yaliyokaa majini muda mrefu. Akajiambia ni umande, akaendelea na kazi.

Mji mzima ulikuwa umepita mbele ya kamera yake: maharusi, askari, hata mbuzi wa padri. Binti yake mwenyewe akiomba kupigwa picha, Casiano alikuwa akimwambia kesho. Kesho zikawa nyingi, homa ikamchukua Delfina na miaka yake kumi na tisa, na baba mtu akabaki bila picha hata moja. Sasa Sikukuu ya Wafu ilikuwa imebakiza wiki mbili. Kila nyumba ingeweka mezani picha ya marehemu wake, maana wafu hurudi saa sita mchana kula na watu wake. Yeye angeweka nini? Akaamua kuipiga picha charango, kile kigitaa cha nyuzi kumi ambacho Delfina alikuwa hakiachi hata akila.

Lakini nyuzi zilikuwa zimekatwa siku ya mazishi. Delfina, kama wapigaji wote wa mji ule, alikuwa ameilaza charango yake usiku mmoja kwenye maporomoko ya maji ili sirinu, jini wa maji, aitie sauti. Sauti ile ni ya kuazima. Mwenyewe akifa, nyuzi hazirudishwi mpaka Sikukuu tatu za Wafu zipite, jini asije akafuata chake.

"Usiitie nyuzi, baba Delfina," mkewe Saturnina alimwambia. "Nakuomba."

Akaitia. Charango isiyo na nyuzi ilimkumbusha mdomo wa kibogoyo, na Casiano hakuwa mtu wa kupiga picha mbaya, sembuse ya mwanawe.

Alitundika shuka jeupe dirishani ili mwanga uingie kwa upole. Akailaza charango juu ya shali nyeusi ya Delfina, akaigeuza kidogo ili vanishi yake inayong'aa isiakisi dirisha lote, akapiga. Kwenye chumba cha kusafishia picha, chini ya taa nyekundu, picha ikaanza kujitokeza ndani ya dawa. Ilikuwa nzuri mno. Na pale kwenye vanishi, mdogo kama ukucha, alionekana msichana mwenye nywele zilizolowa, amesimama nyuma ya bega la mpiga picha.

Baba mwingine angekimbia. Huyu alilia kwa furaha, akatia filamu nyingine.

Kila picha ilimleta karibu zaidi. Nyumba ikaanza kunuka mto, na mchana kweupe, Saturnina akimenya viazi, alisikia maji yakidondoka studio. Siku moja wakila akakumbusha jinsi Delfina alivyokuwa akicheka mpaka anashikwa na kwikwi. Casiano aliacha kijiko, akauliza, "Kwikwi gani?" Kesho yake alikuwa amesahau sauti ya mtoto, keshokutwa jina la shule yake, na Saturnina, aliyekwenda kumwita aje kula, akasikia nyuzi zikilia nyuma ya mlango bila mtu kuzigusa, akasikia miguu mibichi ikivuka sakafu taratibu, na akamsikia mumewe akinong'ona kama anayembembeleza mtoto mchanga, tulia mama, tabasamu kidogo, moja ya mwisho tu.

Saturnina alitoka mbio mpaka sokoni kwa doña Basilia, mganga aliyekuwa pia muuza viazi na asiyependa kupotezewa muda. Basilia alifuatana naye mpaka studio, akazitazama picha zote sita bila kuzigusa.

"Huyu si mwanao, ni sirinu," alimwambia Casiano kwa sauti ya chini. "Anakupa sura, wewe unampa mtoto mwenyewe, kumbukumbu moja moja. Zichome kwa mkono wako. Ukibakiza moja, atachukua yote."

Casiano alichoma tano huku machozi yakimtoka. Ya sita ndiyo ambayo Delfina alikuwa amekaa kwenye shali yake, charango mapajani, anacheka. Hiyo aliiteremshia ndani ya koti. Ni nani angeweza kuichoma? Basilia akakata nyuzi, na kutoka kwenye tundu la charango maji yakatiririka, yakapita chini ya mlango, yakaenda zake na harufu yake.

Sikukuu ya Wafu ilipofika, saa sita kengele ililia. Saturnina alikuwa amepanga mikate yenye sura za watoto na supu ya karanga. Alipiga magoti, akamkaribisha mwanawe kwa jina, akalia. Casiano alisimama kando, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja msibani kwa jirani. Alipoona kilio kinazidi akapapasa koti kutafuta leso, mkono ukatoka na picha.

"Saturnina," alisema taratibu, "huyu binti ni nani? Nimemkuta mfukoni mwangu."

"Ni Delfina. Ni mwanao."

Casiano aliinamisha kichwa kwa adabu, kama alivyozoea mbele ya wateja. Kisha akaisogeza picha dirishani, akaitazama kwa makini.

"Mzuri sana," alisema. "Na aliyempiga picha ni fundi kweli."