Usiliache Gari

Mzazi aliye na mtoto dereva huko Saudia amsomee hii, hata kama mtoto mwenyewe atasema anajua.

Jeremy Wafula wa Kimilili alikuwa anampeleka bosi wake kutoka Riyadh kwenda Jeddah. Bosi ni mzee wa karibu miaka sabini, Abu Faris, na zamani alikuwa mwanajeshi wa ndege za mabomu. Alikuwa anakaa nyuma ya rubani, akionyesha njia na kuachilia mabomu. Wakiwa nusu ya safari akasema, "Kata kulia. Nataka kuona mahali ndege yetu ilianguka."

Kabla hawajaacha lami, madam, mke wa mzee, akapiga simu. "Mmefika wapi?"

Mzee akatikisa kidole. Madam hakutaka aende huko, kwa sababu ya moyo wake.

"Tuko barabara kubwa, madam. Hatukati popote," Jeremy akasema. Madereva wa huko wamezoea hivyo. Siri ya bosi ni sehemu ya kazi.

Kilomita arobaini ndani ya jangwa, jiwe likatoboa gari chini. Oili yote ikamwagika mchangani, injini ikanyamaza. Simu nazo, mafi netiweki, hakuna hata kidogo. Na waliowatafuta walitafuta kandokando ya lami, maana ndiko Jeremy alikosema wako.

Siku ya kwanza walilala kwenye kivuli cha gari, midomo imepasuka. Siku ya pili zilibaki chupa nne za maji. Jeremy akachukua mbili, akajifunga taulo kichwani.

"Baba, naenda kutafuta barabara. Nitakunywa kidogo kidogo."

"Kaa chini."

"Tukikaa tutakufa hapa kama mbuzi."

"Salim alisema hivyo hivyo," mzee akasema, kwa sauti kavu. "Rubani wangu. Tulipigwa tukitoka kuangusha mabomu, dira ikafa, tukapotea mpaka mafuta yakaisha. Tuliruka kwa miavuli. Mimi nilivunjika mguu, nikabaki na bawa la ndege lililoanguka karibu yangu. Yeye alienda na chupa yake. Helikopta iliona bawa, ikanichukua. Salim walimpata kesho yake, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwangu. Chupa ilikuwa imejaa nusu."

Jeremy akazitazama chupa zake mbili.

"Alikuwa anayabana maji, na jua linamkausha. Kunywa ukisikia kiu. Maji yakae tumboni."

"Na wale mliowapiga, baba?"

"Tuliona mwanga tu. Halafu tunageuka, tunarudi kula. Nilipolala chini ya bawa ndiyo nikawafikiria."

Jeremy akasimama pale na chupa zake. Upande wa barabara hakukuonekana kitu, joto tu likichezacheza. Akarudi, akakaa, akanywa.

"Yalla, haya," mzee akasema. "Toa tairi la akiba. Mchana watu huona moshi mweusi."

"Tairi jipya hilo, baba."

"Utaliendesha wapi, kaburini?"

Walilichoma na matambara yaliyoloa dizeli. Moshi ukapanda wima. Likaisha, Jeremy akafungua la mbele, kucha zikimtoka damu, akalichoma. Mzee sasa hakuwa akiongea, anapumua kwa shida. Jeremy akamwinua kichwa, akamnywesha maji ya mwisho. Yeye mwenyewe akabaki na ulimi kama kipande cha gunzi.

Jua likiwa limeanza kulegea, ikaja pikapu ya mchunga ngamia, Msudani, aliyekuwa ameufuata moshi. Hakuuliza mengi. Aliwamiminia maji kichwani, akawapa maziwa.

Akawalaza nyuma, juu ya magunia ya chakula cha ngamia. Mzee akaushika mkono wa shati la Jeremy. Jeremy akasogea kidogo apate nafasi, mzee akakaza. Mchunga ngamia aliwapeleka mpaka lami, gari la wagonjwa likawachukua, na safari yote hadi hospitali vidole vile havikuachia. Nesi ilibidi akate ule mkono wa shati kwa mkasi.